Kabla ya Kuingia Jakuzi, Omba Daftari

Watu wangu, leo naandika jambo ambalo najua litanipunguzia mialiko. Sawa tu.

Nyumba za kukodi kwa usiku zimejaa Nairobi, Naivasha, Nanyuki mpaka Diani, na siku hizi kila mtu anataka ile iliyo na jakuzi. Picha ni zilezile: mapovu, taa za buluu, glasi pembeni, na mtu amefumba macho kama ambaye hadaiwi na yeyote. Mgeni akipiga simu anauliza mambo matatu. Bei ni ngapi? Intaneti iko? Jakuzi inafanya kazi? Akiambiwa inafanya kazi, yaani maji ni moto na mapovu yanatoka, anatuma pesa kwa simu na mazungumzo yanaishia hapo.

Mimi nasema kuna swali la nne, na ni kubwa kuliko hayo matatu: maji yamepimwa lini, na nani, na iko wapi rekodi? Ukiuliza hivyo, sehemu nyingi utaangaliwa kana kwamba umeomba hatimiliki ya shamba. Uliza tu. Maji yakiwa angavu hadi unaona vigae vya chini, bado hujajua kama ni masafi. Jicho linaona uangavu. Usafi wa maji ya moto unaonekana kwa namba, na namba huandikwa na mtu aliyepima.

Haya mambo niliyajua kabla sijashika kamera. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua kwenye jengo moja la ghorofa Kileleshwa, lenye bwawa la kuogelea chini na jakuzi juu ya paa. Nilikaa pale miaka miwili. Aliyenifundisha kazi ni mzee mmoja kutoka Kakamega ambaye jengo zima lilimwita Fundi. Mzee huyo alikuwa na kaunta buku iliyofungwa kwa kamba kwenye msumari, kando ya mlango wa chumba cha pampu. Ndani alikuwa amechora mistari kwa rula: saa, klorini, pH, joto, idadi ya watu walioingia, na nani amepima. Asubuhi tunapima, mchana tunapima, jioni kabla watu watoke kazini tunapima tena. Sheria yake ilikuwa fupi: kama haijaandikwa, haijapimwa, na kama haijapimwa, hakuna kuingia. Ufunguo wa kifuniko cha jakuzi ulikaa mfukoni mwake, hata mwenye jengo akija na wageni wake.

Wakati huo niliona ni ukali wa wazee. Baadaye nilipoanza kuzunguka nchi nikipiga video za nyumba, nikaona ni sehemu ngapi hazina daftari wala ufunguo.

Tuanze na chombo chenyewe. Jina jakuzi limetoka kwa familia ya Jacuzzi, Waitaliano waliohamia California, Marekani. Walianza na panga za ndege, kisha wakaingia kwenye pampu za maji ya mashambani. Mmoja wao, Candido Jacuzzi, alikuwa na mtoto mdogo aliyeugua baridi yabisi, na pampu ya kuingiza ndani ya beseni la kuogea ikatengenezwa ili kumkanda viungo. Mwaka 1968, Roy Jacuzzi wa familia hiyohiyo alitoa beseni lenye jeti zilizojengewa ndani yake. Kwa hiyo chombo hiki cha kupigia picha kilianza kama tiba ya mtoto mgonjwa. Kitu cha kutibu kigeuke kuwa cha kuambukiza, hapo sasa kuna mtu hafanyi kazi yake.

Kwa nini jakuzi ni ngumu kutunza kuliko bwawa? Piga hesabu na mimi. Bwawa la mita 10 kwa 5, kina cha mita 1.5, linabeba lita 75,000. Jakuzi ya kawaida ya watu wanne inabeba kama lita 1,500. Watu wanne wakiingia, kila mmoja ana lita 375. Ili lile bwawa lijae watu kwa kiwango hicho, ungehitaji watu 200 ndani kwa wakati mmoja. Hakuna mtu angekubali kuingia kwenye bwawa lenye watu 200, lakini jakuzi ya watu wanne inaonekana ni starehe.

Sasa ongeza moto. Maji ya nyuzi 38 hadi 40 yanakutoa jasho hata kama hulioni. Jasho, mafuta ya kujipaka, vipodozi na mabaki ya sabuni kwenye nguo za kuogelea, yote yanabaki humo. Joto hilohilo linaifanya klorini iishe haraka, na jua la juu ya paa linaila pia. Jeti nazo zinapovuruga maji zinatoa hewa ya kaboni iliyoyeyuka ndani, na hapo pH inapanda yenyewe bila mtu kuongeza chochote. Kwa hivyo maji yaliyokuwa sawa saa nane mchana yanaweza kuwa si sawa saa mbili usiku, baada ya kikundi kimoja tu kuyatumia. Ndiyo maana Fundi hakutosheka na kupima mara moja.

Kuhusu pH, wengi huruka hapa, na hapa ndipo pesa nyingi za kemikali zinapotelea. pH ni kipimo cha maji kuwa na asidi au kuwa na alkali. Saba ni katikati. Jakuzi inatakiwa ikae kati ya 7.2 na 7.8. Chukulia klorini kama askari wa usiku umewaajiri kumi. pH ndiyo inayoamua wangapi wako macho. Ikiwa 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini iko katika hali ile inayoua vijidudu upesi. Ikiwa 7.5, ni kama nusu. Ikifika 8, ni kama robo au chini. Askari wote kumi wanalipwa, lakini saba au wanane wamelala. Mtu anapima klorini, anaona iko, anasema mambo ni shwari, wakati hiyo klorini iko usingizini.

Ikishuka chini sana pia ni taabu. Maji yenye asidi yanawasha macho, yanakula chuma cha hita na kulegeza mpira wa mabomba. Kinachozuia pH kuyumbayumba ni ualkali wa maji, na huo huwekwa kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita. Ndiyo maana mafundi hurekebisha ualkali kwanza, halafu pH, halafu klorini. Ukienda kinyume utamwaga kemikali wiki nzima na namba zitakucheza.

Klorini yenyewe kwenye jakuzi haifai kushuka chini ya miligramu 3 kwa lita. Kama unatumia bromini, ambayo wengi huipenda kwa maji ya moto, isishuke chini ya 4. Hivyo ndivyo viwango ambavyo shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa, CDC, linashauri, na nimevitaja kwa sababu ni namba ambazo mtu yeyote anaweza kuzipima kwa karatasi ndogo na dakika moja. Vile vidonge vikubwa vinavyoyeyuka polepole kwenye bwawa, usivitupe kwenye jakuzi. Vinaacha dawa ya kuikinga klorini na jua, na dawa hiyo ikirundikana kwenye maji machache inaifanya klorini iwe nzito kazini.

Sasa nivunje imani moja ambayo hata shangazi zangu wanayo. Ukiingia mahali ukasikia harufu kali ya klorini, unasema hapa wanasafisha kwelikweli. Hapana. Klorini ya kutosha kwenye maji masafi hainuki sana. Ile harufu inayokuchoma pua hutoka kwa klorini iliyokutana na jasho na mkojo ikageuka kitu kingine kinachoitwa kloramini. Hizo ndizo zinazofanya macho kuwa mekundu. Harufu kali mara nyingi inakuambia uchafu umeipiku dawa. Povu zito lisilopotea jeti zikizimwa linakuambia habari hiyohiyo.

Kupima nako kuna ujanja wake. Kuna karatasi za kuchovya na kuna matone au vidonge vya kutia kwenye kichupa. Kipimo cha klorini cha DPD hugeuka waridi: ikikolea waridi, klorini ni nyingi. Lakini klorini ikizidi mno, inaua ile rangi na kichupa kinabaki cheupe kama hakuna kitu. Asiyejua anaona cheupe, anaongeza klorini nyingine juu ya iliyozidi. Fundi alikuwa akiona cheupe penye shaka, anachanganya sampuli hiyo na maji safi yasiyo na dawa, halafu anapima upya. Mambo kama haya hakuna mtu atayajua kwa kukisia, ni ya kufundishwa.

Tena maji ya Kenya si mamoja. Maji mengi ya bomba ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini, kule miteremko ya Aberdare, na ni laini. Visima vingi vya kuchimbwa vya Nairobi na Bonde la Ufa vina floridi nyingi, ile inayopaka meno rangi ya kahawia, na mara nyingi ualkali wake uko juu. Ukienda Pwani, maji ya kisima yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana kalsiamu nyingi na mara nyingine chumvi pia. Kalsiamu hiyo ikipashwa moto huganda kwenye hita kama ukoko wa ndani ya birika la chai. Kwa hiyo kipimo cha dawa alichokariri kijana wa Lavington kikipelekwa Diani kitamwangusha. Hata magadi, yaleyale ambayo nyumbani tunalainishia maharagwe, yana kazi hapa. Magadi yaliyosafishwa kiwandani kutoka Ziwa Magadi, Kajiado, ni kemikali ileile inayouzwa ya kupandisha pH. Yale ghafi ya sokoni usiyamwage kwenye jakuzi, yana vitu vingine ndani na hujui kiasi chake.

Najua kuna mtu anasema, si ni maji tu, Mkenya amekunywa maji ya mtaro na bado yuko. Twende kwenye madhara.

La kwanza na la kawaida ni upele. Kuna bakteria anaitwa Pseudomonas anayependa maji ya moto yenye dawa kidogo. Anaingia kwenye matundu ya nywele, na siku chache baadaye unatokwa na vipele vyekundu vinavyowasha, hasa pale nguo ya kuogelea ilipobana ngozi. Mara nyingi hupona vyenyewe. Lakini mgeni ameshaenda nyumbani, anafikiri ni shuka, au ni samaki aliyekula, na mwenye jakuzi hajui kamwe.

La pili si mchezo. Kuna bakteria anaitwa Legionella. Huyu humnywi, unamvuta pumzi. Jeti zinapopiga maji zinatoa mvuke wa matone madogo sana, na ukiuvuta unaingia hadi mapafuni na kuleta nimonia mbaya. Mwaka 1999 huko Uholanzi, katika mji wa Bovenkarspel, kulikuwa na maonyesho makubwa ya maua. Ndani ya maonyesho kulikuwa na jakuzi zimewekwa za kuuzwa, zikiwa zimejazwa maji ya moto na kuwashwa ili wateja waone mapovu. Watu walipita tu. Zaidi ya watu 180 waliugua na zaidi ya 30 wakafa. Soma tena hapo: wengi wao hawakuchovya hata kidole. Walikwenda kuangalia maua.

Vijidudu hivi hujificha ndani ya mabomba kwenye utando laini unaowakinga na dawa. Ndiyo maana kuongeza klorini juu hakutoshi, ni lazima maji yamwagwe, mabomba yasafishwe na kichujio kioshwe au kibadilishwe. Kuna hesabu ya mafundi ya kujua lini: chukua lita za jakuzi, gawa kwa 11, kisha gawa kwa idadi ya watu wanaoingia kwa siku. Jakuzi ya lita 1,500 yenye watu wanne kila siku inapata siku 34 hivi. Wakiwa wanane, ni siku 17. Nyumba ya wikendi inayojaza makundi mawili kwa siku na kubadilisha maji "yakionekana machafu" iko mbali sana na hesabu hiyo.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Miezi michache iliyopita niliitwa kupiga video ya nyumba moja nzuri nje ya Nairobi. Sitaitaja. Mandhari safi, vitanda safi, jikoni safi. Jakuzi iko nje kwenye baraza, maji angavu kama kioo. Mimi hutembea na karatasi zangu za kupimia kwenye begi la kamera, ni tabia iliyonibaki. Nikachovya. pH ilipanda hadi mwisho wa rangi kwenye kopo, zaidi ya 8. Klorini haikuonekana. Nikarudia na karatasi nyingine, jibu lilelile.

Nikamtafuta kijana anayetunza. Umri wake kama ishirini, mpole, fulana yake imejaa madoa meupe ya dawa, na ngozi ya vidole imepasukapasuka. Nikamuuliza, "Ndugu yangu, hii huwa unapima na nini?"

"Kipimo kilikuwako, bosi, kikaisha. Sai mimi huweka vifuniko viwili asubuhi. Wageni wakiwa wengi naongeza cha tatu."

"Glavu je?"

Akacheka. "Glavu ni za jikoni."

Akanionyesha stoo. Ndoo ya klorini ya unga na jeri kani la asidi vimekaa rafu moja, bega kwa bega, chini ya dirisha lisilofunguka. Kwa wasiojua, hivyo viwili vikimwagikiana vinatoa gesi ya klorini, ileile ambayo Wajerumani waliiachilia Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, dhidi ya wanajeshi kwenye mahandaki. Kijana huyu alikuwa anaingia humo kila asubuhi, na mlango ukijifunga kwa upepo hakuna hewa.

Nikamwambia maji haya leo hayafai mtu. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza swali ambalo sijalisahau. "Sasa bosi, nikifunga na wageni wameshalipa, nani atafukuzwa?"

Sikuwa na jibu la kumpa.

Nikaenda kwa mwenye nyumba. Ni mama wa makamo, ananizidi umri kwa mbali, kwa hiyo nilienda kwa heshima zote. "Madamu, samahani. Video nitapiga, lakini maji sitayapiga mpaka yarekebishwe. Naweza kukusaidia bure, ni kazi ya saa chache."

"Kwani wewe umetumwa na kaunti?" akaniuliza. "Maji si yanaonekana ni masafi? Mimi nilikuita uonyeshe jakuzi, hiyo ndiyo watu wanalipia."

"Naelewa, madamu. Lakini nikiionyesha, watu wangu wataingia kwa sababu yangu."

"Basi wacha. Nitapata mwingine."

Na nadhani alimpata. Mimi nilirudi Nairobi kwa matatu bila malipo, na bado kodi ya nyumba yangu ilikuwa inanisubiri. Siku mbili baadaye yule kijana alinitumia ujumbe akiuliza karatasi za kupimia zinauzwa wapi, na kama ziko za bei nafuu, kwa maana angezinunua mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Kijana wa mshahara wa kibarua anunue kipimo kwa pesa yake, ili wageni wa mtu mwingine wasiugue, ilhali kopo moja la karatasi hizo halifikii bei ya usiku mmoja katika nyumba ile. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeshika vitu vya hatari vifaa vya kujikinga. Si hisani. Glavu, miwani, barakoa ya kufaa, na stoo inayopitisha hewa, asidi huku na klorini kule. Na kwa yeyote anayeshika dawa hizi: kemikali ndiyo inayoongezwa kwenye maji, usimimine maji juu ya kemikali, na usitumie kijiko kimoja kwa mbili.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Shida ya jakuzi zetu imeanza na watu kabla ya kufika kwa kemikali. Tumempa kijana kazi ya kulinda afya ya watu bila kipimo, bila mafunzo na bila ruhusa ya kusema leo hapana. Fundi wetu alikuwa na vitu vitatu: kipimo, daftari na ufunguo. Ukiondoa kimoja, vile viwili vingine havina maana. Kipimo bila daftari ni kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Daftari bila ufunguo ni kuandika tu jinsi watu walivyoogea maji mabovu. Na ufunguo bila kipimo ni ukali usio na sababu.

Nimeshaambiwa kwamba nawaharibia watu biashara. Nawaelewa, kwa sababu ninajua wengi wamechukua mkopo kujenga, na jakuzi ndiyo inayoleta wateja. Lakini fikiria upande mwingine. Mwenye nyumba anayeweza kukuonyesha ukurasa wa leo una biashara nzuri zaidi. Anaweza kuutundika ukutani, kuupiga picha, kuuweka kwenye tangazo lake. Hita yake haitaliwa na asidi, wala haitaganda ukoko. Gharama ya kupima ni ndogo kuliko ya kubadilisha pampu, muulize fundi yeyote. Na usiku mmoja wa kufunga ili maji yarekebishwe ni hasara ya usiku mmoja. Mgeni mmoja aliyelazwa na nimonia ni hasara ambayo hujui itaishia wapi.

Na kwa sisi tunaopiga video: tukialikwa, tuulize kabla ya kuwasha taa. Mtu akituamini hadi akatoa pesa yake, ametuamini na ngozi yake na mapafu yake pia.

Wewe mgeni, wikendi hii ukienda mahali, fanya hivi. Kabla hujalipa, omba picha ya rekodi ya maji ya siku hiyo. Ukifika, gusa ukuta wa jakuzi juu kidogo ya maji: ukiteleza kama umepakwa ute, usiingie. Nusa. Chovya karatasi yako, inaingia mfukoni. Tafuta pH kati ya 7.2 na 7.8, klorini 3 au zaidi, joto lisizidi nyuzi 40. Oga kwa sabuni kwanza, ujisuuze vizuri, maana uchafu mwingine tunauleta sisi. Watoto chini ya miaka mitano wasiingie kabisa, na mwenye mimba aongee na daktari wake kwanza. Chupa iache nje, pombe na maji ya moto havipatani.

Halafu mtafute yule kijana wa pampu. Msalimie, muulize maji yako vipi leo. Akikuambia si mazuri, mshukuru, na umwambie mwenye nyumba kwamba umeridhika kungoja. Pengine wewe ndiwe mgeni wa kwanza kusimama upande wake.

Haya, tukutane wiki ijayo.